Matayarisho ya Semina ya Safari: Njia ya Lahaja kutoka Lamu hadi Makunduchi

Semina ya safari ni mkutano wa kitaalamu usiokaa mahali pamoja. Washiriki wake, aghalabu kutoka nchi kadha, huandamana kutoka kituo hadi kituo, wakasikiliza mihadhara asubuhi na kuwasikiliza wasemaji wa lugha wenyewe jioni. Kwa wanaisimu wa Kiswahili mtindo huu una mvuto wa pekee, kwani lahaja za lugha hii zimepangika pwani mithili ya vituo vya njia moja: Kitikuu na Kiamu upande wa kaskazini, kisha Kimvita, Chichifundi, Kivumba na Kimtang'ata, na ng'ambo ya bahari Kipemba, Kitumbatu, Kiunguja na Kimakunduchi. C. H. Stigand alichapisha sarufi yake ya tofauti za lahaja mwaka 1915, na katika miaka ya 1950 H. E. Lambert na W. H. Whiteley waliandika juu ya lahaja mojamoja katika vijitabu ambavyo mpaka leo havina badala. Lakini vijitabu hivyo huonyesha kila lahaja peke yake. Anayeteremka pwani kwa mwendo wa nchi kavu husikia mahali ambapo sauti moja inaachwa na nyingine inashikwa, na hilo halipatikani maktabani.

Pamoja na hayo, mpango wa namna hii ni rahisi kuharibika. Mara nyingi kinachouharibu ni jambo dogo ambalo halikuwamo katika ratiba ya mihadhara: hati iliyokosekana mpakani, maji yaliyokupwa gatini, au mzee aliyengoja wageni asubuhi nzima kwa sababu saa haikuelezwa sawasawa. Makala haya yanahusu mambo hayo.

Hati za kusafiria ndizo za kwanza. Raia wa Kenya, Uganda na Tanzania huvuka mipaka ya nchi hizi tatu bila viza, na hili huwafanya waandalizi wa hapa kwetu wasahau kwamba wenzao wa mbali hawana wepesi huo. Tangu Januari 2024 Kenya imeacha viza na mahali pake imeweka idhini ya kusafiri inayoombwa kwa njia ya kielektroniki kabla ya mgeni kuondoka kwao. Tanzania bado ina viza. Ile viza ya pamoja ya watalii wa Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 2014, ni ya Kenya, Uganda na Rwanda tu. Tanzania haimo, na mtu anayeitegemea kufika Tanga atarudishwa Horohoro. Mgeni anayekusudia kurudi Nairobi baada ya Zanzibar kuchukua ndege ya kwao aulize mapema, na kwa maandishi, kama idhini yake itamruhusu kuingia Kenya mara ya pili. Swali hilo likiulizwa uwanja wa ndege wa Zanzibar, jibu lake huwa ghali. Zanzibar nayo imewawekea wageni kutoka nje bima ya lazima ya safari tangu Oktoba 2024, ambayo ilianza kwa ada ya dola 44, na bima ambayo mgeni amekwisha kuinunua kwao haichukui nafasi yake.

Hati ya chanjo ya homa ya manjano hustahili kutajwa mbali. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, kwa hiyo anayetoka Kenya kuingia Tanzania anaweza kudaiwa hati hiyo hata kama yeye mwenyewe ni Mzungu aliyepita Nairobi siku tatu tu. Chanjo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 hati yake hudumu maisha ya mtu, hata ile ya zamani iliyoandikwa kwamba inakwisha baada ya miaka 10. Tena isichanganywe na ile kadi nyingine ya manjano, yaani bima ya gari inayotambulikana katika nchi za kanda hii. Basi la chuo likikosa hiyo ya pili halivuki, na washiriki wote waliochanjwa hubaki nao wamekaa ndani yake.

Linalofuata ni gumu zaidi, na ndilo linalopuuzwa zaidi. Je, semina ni utafiti? Washiriki wengi hujiona wasikilizaji tu. Lakini pindi mmoja anapowasha kinasa sauti mbele ya mwenyeji na kumwuliza maswali, afisa wa serikali ana haki ya kuuliza kibali kiko wapi. Nchini Kenya kibali hutolewa na NACOSTI, chini ya sheria ya mwaka 2013. Tanzania Bara hutolewa na COSTECH, na hapo Mkenya ni mgeni sawa na Mjerumani. Zanzibar ina utaratibu wake peke yake, na kibali cha Dar es Salaam hakimtoshelezi mtu kule. Kwa hiyo njia moja ya lahaja inahitaji milango mitatu, na kila mlango hutaka barua kutoka taasisi ya mahali pale iliyokubali kuwa mwenyeji. Maombi yapelekwe miezi minne kabla, wala si mwezi mmoja. Vibali vikipatikana, nakala zake zipelekwe kwa watawala wa chini: chifu na mzee wa mtaa upande wa Kenya, afisa mtendaji wa kijiji upande wa Tanzania Bara, na sheha Visiwani. Sheha ambaye hakuarifiwa anaweza kuisimamisha semina yenye vibali vyote, na kwa hakika si rahisi kumlaumu.

Majira huamua mengi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, si wakati wa safari hii: barabara za kuingia vijijini huharibika na mvua juu ya mabati hufuta kila kilichonaswa. Kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka na kuichafua bahari. Miezi ya Januari na Februari, kaskazi ikiwa imetulia, hufaa kwa vyombo vya baharini, ila joto ni kali na vyuo vingi vya Ulaya vinasomesha. Ndiyo maana semina nyingi huangukia Julai, tena siku hizi kuna kishawishi cha kuziunganisha na Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Wengine huongeza siku ili waione Mwaka Kogwa ya Makunduchi katika mwezi huohuo. Ni jambo la kupendeza, lakini wakati wa sherehe wazee wanaofaa kuhojiwa ndio wenye shughuli nyingi kuliko watu wote, na mgeni anayewafuata na kinasa sauti siku hiyo huwa kero. Afadhali kufika wiki moja baadaye. Mwezi wa Ramadhani nao husogea nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo tarehe iliyofaa katika semina iliyopita isinakiliwe tu.

Maji ya bahari hayaandikwi katika ratiba za vyuo vikuu, na ni makosa. Kwenda Wasini kutoka Shimoni, au Tumbatu kutoka Mkokotoni, huitegemea mashua, na mashua huyategemea maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa mbali sana, na watu huteremka kwa miguu kupitia matope na mawe wakiwa na mizigo kichwani. Profesa mwenye umri wa miaka 70 hawezi. Mwandalizi mwerevu huanza na nahodha, akamwuliza saa za kujaa, kisha ndipo apange mihadhara.

Njia yenyewe kwa ufupi. Lamu hufikiwa kwa ndege hadi Manda au kwa gari hadi Mokowe, kisha kwa boti. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 safari za barabara hiyo ziliwekewa ulinzi, na kila kikundi kinapaswa kuuliza hali ilivyo wiki hiyohiyo, pamoja na kusoma masharti ya bima ya chuo chake, kwani bima nyingi za kigeni huitenga sehemu hiyo. Kati ya Nairobi na Mombasa reli iliyofunguliwa mwaka 2017 huchukua karibu saa tano. Kutoka Mombasa hadi Vanga na mpaka wa Lungalunga ni safari ya asubuhi moja, lakini ndiyo sehemu yenye utajiri mwingi wa lahaja kwa kila kilomita, wala haifai kupitwa kwa kasi ili watu wakalale Tanga. Mpakani, vituo vikiwa ni vya pamoja, anayetoka Kenya hukamilisha shughuli za nchi zote mbili upande wa Horohoro. Kutoka Tanga hadi Pangani kuna Mtang'ata, na magofu ya Tongoni yako njiani.

Kuhusu kuvuka bahari, msimamo uwe mmoja. Meli za mwendo wa kasi kati ya Dar es Salaam na Unguja huchukua muda wa saa mbili hivi, na safari ni nyingi kila siku. Za Pemba ni chache, na hapo ndipo kishawishi cha kupanda chombo chochote kilichopo huingia. Mwezi Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba ikiwa imepakia kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Julai 2012 MV Skagit ilizama ikitoka Dar es Salaam. Kiongozi wa semina awe na uwezo, uliokubaliwa kwa maandishi kabla ya safari, wa kukataa chombo na kulipoteza tikiti. Semina inayokosa siku mbili za Pemba haijaharibika.

Fedha zichukuliwe za aina mbili za shilingi, maana shilingi ya Kenya na ya Tanzania zimeshirikiana jina tu. Mgeni aliyezoea kulipa hoteli za Tanzania kwa dola ajue kwamba kanuni za Machi 2025 zimekataza malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Mabenki ni ya mijini. Vijijini mtu hulipa kwa simu au kwa noti ndogondogo, na nahodha hana chenji.

Saa ya Kiswahili imekwisha kuleta fujo katika mikutano mingi kuliko viza. Katibu wa ng'ambo huandika kwamba kikao kitaanza saa 9, akikusudia asubuhi. Mwenyeji wa Makunduchi husoma saa tisa, akaja alasiri. Ratiba yoyote inayotolewa kwa Kiswahili ifuate hesabu ya Kiswahili, na itaje wakati wa siku. Tena ni aibu kwa semina ya lugha hii kutaka wenyeji wahesabu kwa namna nyingine. Penye sala, isemwe "baada ya alasiri" tu, na kila mtu atafahamu.

Sasa mwenyeji mwenyewe. Washiriki 25 hawawezi kuingia sebuleni mwa bibi wa miaka 80 wa Tumbatu. Hata wakiweza, lugha watakayoisikia siyo ile waliyoifuata. Msemaji akizungukwa na walimu hupanda jukwaani: huacha kauli za nyumbani na kutoa Kiswahili sanifu cha redioni, kwa heshima ya wageni. Kwa hiyo kikundi kigawanywe watatu watatu, na kila kikundi kiwe na mtu mmoja wa mahali pale. Mwanamke aende kwa wanawake. Hodi ipigwe, salamu zikamilishwe kwa urefu wake, na kinasa sauti kisitolewe mkobani kabla ya ruhusa. Kelele za vipaza sauti vya misikiti na za pikipiki hupungua katika vyumba vya kuta nene za mawe, na mwenyeji mara nyingi atakubali kuhamia huko akiombwa vizuri.

Malipo huleta ubishi. Wako wanaosema kwamba kumlipa msemaji kunaiharibu lugha. Hoja hii husemwa na watu wanaolipwa posho ya kila siku kwa kuja kumsikiliza. Mzee aliyeacha shamba au mtego wake kwa nusu siku amefanya kazi, na ujira wake uwekwe katika bajeti tangu mwanzo, uwe sawa kwa wote wa kijiji kimoja, na utolewe kwa bahasha faraghani wala si mbele ya kamera. Chakula kilichopikwa na nyumba ya mwenyeji kilipwe mbali na ujira huo.

Ruhusa ya kunasa ielezwe kwa lugha anayoielewa msemaji: nani atasikiliza, sauti itawekwa wapi, na kama anaweza kuikataa baadaye. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu binafsi tangu 2019, na Tanzania tangu 2022, kwa hiyo jambo hili limekwisha kutoka katika adabu na kuingia katika sheria. Lakini adabu inadai zaidi. Vijiji vya pwani vimenaswa sauti kwa vizazi vitatu, na kanda nyingi ziko ng'ambo ambako mjukuu wa msemaji hawezi kufika kuzisikiliza. Semina itenge siku ya mwisho katika kila kituo kwa kunakili yote yaliyonaswa, iache nakala moja shuleni au kwa sheha na moja katika chuo kikuu cha nchi hiyo, na isiondoke hapo mpaka mtu wa pale amezifungua na kuhakikisha kwamba zinasikika.