KUMBI ZA ABIRIA KATIKA MELI ZA ULAYA: MAPAMBO NA USALAMA

Wasafiri wanaobahatika kupanda meli kubwa za abiria na magari katika Ulaya ya Kaskazini hurejea na masimulizi ya mazulia, taa na viti vya kuegemea. Meli iitwayo Silja Serenade, iliyoanza kazi mwaka 1990 kati ya Helsinki, Finland, na Stockholm, Sweden, ilijengwa ikiwa na njia pana mfano wa mtaa wa maduka, yenye urefu wa kiasi cha mita 140, inayopita katikati ya meli. Vyumba vya ndani, ambavyo kwa kawaida havina dirisha, vikapata madirisha ya kutazama mtaa huo. Ni kazi ya kupendeza. Hata hivyo, wasomaji wetu wanaelezwa kwamba sehemu kubwa ya umbo la kumbi za namna hiyo haikuamuliwa na wapambaji, bali imetokana na ajali.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 1990, meli Scandinavian Star iliwaka moto ikiwa safarini kutoka Oslo, Norway, kwenda Frederikshavn, Denmark. Watu 159 walifariki. Kuta za korido zake zilikuwa zimebandikwa tabaka jembamba la melamini, yaani fomeka ya aina ile inayotumika juu ya meza, kwa ajili ya urembo na wepesi wa kusafisha. Tabaka hilo liliposhika moto liliueneza upesi, likatoa hewa za sumu, miongoni mwao sianidi. Wengi waliofariki waliuawa na moshi kabla ya kufikiwa na moto, na baadhi yao walikutwa ndani ya vyumba vyao. Alama za kutokea hazikuwasaidia, kwa kuwa moshi hupanda na kufunika kwanza kile kilichowekwa juu.

Ndiyo sababu abiria wa leo katika meli hizo huona taa ndogo, au mistari inayong'aa gizani, ikifuata ukuta karibu na miguu yake. Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini, unaojulikana kwa kifupi kuwa SOLAS, unataka mwanga huo usizidi sentimita 30 kutoka sakafuni, ili mtu anayetambaa chini ya moshi aweze kuufuata mpaka mlangoni. Mkataba huo pia unaweka kikomo cha mapambo yanayoweza kuungua: yote yakijumlishwa, ujazo wake usizidi ule wa ubao wa unene wa milimita 2.5 uliotandazwa juu ya kuta na dari zote za ukumbi. Kwa hiyo mbao za thamani zinazosifiwa na wasafiri, mara nyingi ni ngozi nyembamba tu ya ubao juu ya bamba lisiloungua. Ile milango mizito inayokatiza njia, ambayo abiria huilalamikia, ipo kwa sababu meli hugawanywa katika sehemu za kuzuia moto, zenye urefu wa kawaida usiozidi mita 40.

Funzo la pili lilitokana na maji. Tarehe 28 Septemba 1994 meli Estonia ilizama katika Bahari ya Baltiki ikitoka Tallinn kwenda Stockholm. Kati ya watu 989 waliokuwamo walinusurika 137. Meli ililala upande kwa muda mfupi mno. Ngazi hazikupandika, na samani ziliporomoka zikawaangukia watu. Mabadiliko ya mkataba yaliyopitishwa Novemba 1995 yaliagiza kwamba meli za abiria na magari ziwe na vishikio katika korido zote za kutokea. Makabati na samani nzito zifungwe zisihame. Na sitaha zipewe namba kwa mfuatano kuanzia 1 chini kabisa, ili abiria aliyepotea ajue yuko wapi. Lipo na sharti ambalo wengi hawalifahamu: katika meli mpya, sehemu ya chini ya kuta za njia hizo, nusu mita kutoka sakafuni, iwe imara kiasi cha kuweza kukanyagwa, kwa sababu meli ikilala, ukuta ndio sakafu.

Mkataba huo unahusu safari za kimataifa. Safari za ndani, kwa mfano kati ya visiwa vya Ugiriki, ziliwekewa masharti ya pamoja na Umoja wa Ulaya mwaka 1998. Jambo hili si geni kwetu. MV Spice Islander I, iliyozama tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba na kupoteza maisha ya ndugu zetu wengi, ilijengwa Ugiriki mwaka 1967. Meli ikiuzwa huja na kumbi zake, na hulazimu nchi inayoipokea kuzikagua upya kwa sheria zake yenyewe.

Abiria, awe mtumishi wa Serikali aliye safarini kikazi au mwananchi anayekwenda kwa shughuli zake, anapoketi katika ukumbi wa meli yoyote anaweza kutazama mlango wa pili wa kutokea uko upande gani, na kama njia ya kuufikia iko wazi. Akikuta magunia au masanduku yamewekwa hapo, awaarifu mabaharia kabla meli haijang'oa nanga.