Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro: Lango Lililotangulia Wageni Wake

Kiwanja cha ndege cha kikanda, yaani kile kisichohudumia jiji kuu la nchi bali ukanda wenye uchumi wake, hukabiliwa na tatizo ambalo wahandisi peke yao hawawezi kulitatua: miundombinu yake hujengwa mara moja na kudumu kwa miongo mingi, ilhali safari zinazoitumia hupangwa upya kila msimu na mashirika ya ndege yasiyofungwa na wajibu wowote wa kuendelea kuja. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake KIA, ni mfano mzuri wa tatizo hilo. Uwanja huo uko katika tambarare ya Sanya, wilayani Hai, baina ya miji ya Arusha na Moshi, na ulijengwa ukiwa mkubwa kwa makusudi, kwa matarajio kwamba ukubwa wake ungewavuta wageni. Historia yake inaonyesha jinsi matarajio hayo yalivyotimia kwa sehemu tu, na kwa nini.

Lango la pili la Afrika Mashariki

Katika miaka ya 1960, mtalii aliyetoka Ulaya kwenda Serengeti, Ngorongoro au Mlima Kilimanjaro kwa kawaida alishukia Nairobi, akakodi gari huko, kisha akavuka mpaka na kuingia Tanzania, na hivyo sehemu kubwa ya fedha zake ilibaki kwa wenye hoteli na magari wa Kenya. Wakati huohuo Arusha, ambayo mwaka 1967 ilikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilikuwa na kiwanja kidogo tu kisichoweza kupokea ndege kubwa za masafa marefu. Kwa Serikali ya Tanzania jawabu lilikuwa kujenga lango jingine kaskazini mwa nchi, na uwanja mpya, uliojengwa kwa mkopo wa Serikali ya Italia, ukafunguliwa mwaka 1971.

Miaka sita baadaye mazingira yaliyozaa wazo hilo yalivurugika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la ndege la pamoja, East African Airways, likafa, Tanzania ikaanzisha shirika lake la Air Tanzania, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa tangu Februari mwaka huo hadi Novemba 1983. Kwa hesabu za karatasini, kufungwa kwa mpaka kulipaswa kuujaza KIA, kwa kuwa mgeni wa Serengeti hakuwa tena na njia ya kupitia Nairobi kwa barabara. Lakini wageni wengi walibaki Kenya, wakatembelea mbuga za huko, na utalii wa Tanzania ukadorora.

Sababu yake ni ya kiuchumi zaidi kuliko ya kisiasa. Shirika la ndege halipeleki ndege ya masafa marefu mahali fulani kwa ajili ya watalii pekee, kwani hao huja kwa misimu. Hutafuta pia wafanyabiashara wanaosafiri mwaka mzima, shehena ya kujaza sehemu ya chini ya ndege, na abiria wa kuunganisha safari kwenda miji mingine. Mahali panapokusanya haya yote huitwa kitovu cha usafiri wa anga, na kila safari inayoongezwa hapo huzipa thamani zile zilizokuwepo, kwa sababu abiria hupata miunganiko mingi zaidi. Nairobi ilikwisha kuwa kitovu, na faida hiyo haikuweza kuhamishwa kwa kufunga mpaka.

Urefu wa njia na wepesi wa hewa

Ingawa safari zilikuwa chache, yale ambayo wajenzi waliyadhibiti waliyafanya vizuri. Njia ya kuruka na kutua ndege ya KIA ina urefu wa takriban meta 3,600, na urefu huo haukutokana na fahari. Uwanja uko meta 894 juu ya usawa wa bahari, na mchana joto la tambarare ya Sanya hufika mara nyingi nyuzi 30 za Selsiasi au zaidi. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi kwa sababu kanieneo yake ni ndogo, na joto huzidi kuitanua. Katika hali hiyo uzito wa hewa katika kila meta ya ujazo hupungua kwa takriban asilimia 15 ukilinganishwa na kiwango rasmi cha usawa wa bahari. Bawa la ndege huinuliwa na hewa inayopita juu na chini yake, na injini hupata nguvu kwa kuivuta na kuisukuma hewa hiyohiyo, kwa hiyo hewa ikiwa nyepesi, ndege hulazimika kukimbia ardhini umbali mrefu zaidi kabla ya kupaa.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lina kanuni ya kukadiria athari hiyo: urefu wa msingi wa njia huongezwa asilimia 7 kwa kila meta 300 za mwinuko, kisha asilimia 1 kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi kiwango rasmi cha mwinuko huo. Kwa mfano wa hesabu, ndege inayohitaji meta 2,500 mahali pa usawa wa bahari ingehitaji takriban meta 3,020 kwa mwinuko wa KIA, na joto la nyuzi 30 likiingizwa, mahitaji yangekaribia meta 3,650. Kwa kuwa nyongeza ya jumla imepita asilimia 35, kanuni hiyohiyo hutaka ufanyike uchunguzi maalumu badala ya kutegemea makadirio. Hata hivyo hesabu inatosha kuonyesha kwamba meta 3,600 za Sanya hazilingani na meta 3,600 za Dar es Salaam.

Mwelekeo wa njia nao una maana yake. Namba 09 na 27 zilizochorwa katika ncha zake ni nyuzi za dira zilizogawanywa kwa kumi: ndege inayotumia 09 huelekea mashariki, nyuzi 90, na inayotumia 27 huelekea magharibi, nyuzi 270. Ndege hutua na kuruka zikiukabili upepo, kwani upepo wa mbele hupunguza mwendo unaohitajika juu ya ardhi, na kwa kuwa kusi na kaskazi, pepo mbili za msimu zitokazo baharini, zote huwa na sehemu ya mashariki ndani yake, njia ya mashariki na magharibi ndiyo iliyofaa.

Kufanana kwa mielekeo kunaweza pia kuwa hatari. Kiwanja kidogo cha Arusha, kilichopo Kisongo, kina njia yenye namba hizohizo, na tarehe 18 Desemba 2013 ndege aina ya Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, iliyokuwa ikielekea KIA wakati njia ya huko ilikuwa imezibwa na ndege ndogo iliyoharibika, ilitua Kisongo kwa makosa, kwenye njia ya takriban meta 1,600. Hakuna aliyepoteza maisha, na baadaye ndege hiyo iliruka ikiwa nyepesi na kuhamia KIA. Tukio hilo linaeleza kwa nini uwanja wa kimataifa hauridhiki na macho ya rubani pekee: mfumo wa kutua kwa kutumia vyombo hurusha mawimbi ya redio ya aina mbili, moja likiielekeza ndege katikati ya njia na jingine likiishusha kwa mteremko wa takriban nyuzi tatu, na kila mfumo una utambulisho wake wa redio ambao rubani huuhakiki kabla ya kushuka.

Mamlaka nyingi chini ya paa moja

Abiria huuona uwanja kama taasisi moja, lakini shughuli zake zimegawanywa. Mwendeshaji wa uwanja husimamia jengo la abiria, njia za ndege, taa, maegesho ya ndege na kikosi cha zimamoto na uokoaji. Waongoza ndege walioko mnarani wako chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ambayo pia ndiyo msimamizi wa usalama wa sekta nzima. Taarifa za upepo, mawingu na mwonekano hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Pasipoti hukaguliwa na Uhamiaji, na mizigo na forodha. Kampuni nyingine hupakia na kupakua mizigo, husukuma ndege na kuuza mafuta.

Mgawanyo huo una gharama isiyopungua hata ndege zinapopungua. Kwa mfano, kiwango cha kikosi cha zimamoto hupangwa katika madaraja kumi kulingana na urefu wa ndege kubwa inayohudumiwa na upana wa kiwiliwili chake, na daraja ndilo linaloamua kiasi cha maji, povu na magari yanayopaswa kuwa tayari. Ndege moja kubwa ya jioni huhitaji karibu maandalizi yaleyale ambayo ndege ishirini za aina hiyo zingehitaji, ilhali mapato, yaani ada ya kutua inayotozwa kwa uzito wa ndege, tozo ya huduma ya abiria na kodi za maduka, hutegemea idadi. Ndiyo maana uwanja wenye safari chache huweza kuendeshwa kwa ufanisi na bado ukapata hasara.

Pembetatu ya KLM na maua ya Arusha

Mashirika ya ndege nayo yametafuta njia za kupunguza hatari ya soko dogo. KLM ya Uholanzi kwa miaka mingi imeendesha safari ya pembetatu: ndege hutoka Amsterdam hadi KIA, huteremsha sehemu ya abiria, huendelea hadi Dar es Salaam, kisha hurudi Amsterdam, na hivyo masoko mawili huchangia kuijaza ndege moja. Mpangilio huo una faida pia ya kiufundi, kwa kuwa ndege huondoka KIA ikiwa na mafuta ya safari fupi tu, na hubeba uzito mkubwa wa mafuta ikiwa Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari. Kisheria, hata hivyo, kipande cha KIA hadi Dar es Salaam ni safari ya ndani, na Mkataba wa Chicago wa 1944 huipa kila nchi haki ya kuyakatalia mashirika ya kigeni kuuza tiketi za safari za namna hiyo.

Udhaifu wa KIA huonekana zaidi katika shehena. Nyanda za Arusha na Kilimanjaro huzalisha maua, mbegu na mboga kwa ajili ya masoko ya Ulaya, bidhaa ambazo hupoteza thamani kwa kila saa inayopita bila ubaridi. Hata hivyo wazalishaji wengi wamekuwa wakizisafirisha kwa malori kupitia mpaka wa Namanga hadi Nairobi, ambako kuna ndege nyingi, maghala mengi ya baridi na ushindani unaoshusha nauli ya mizigo. Duara hilo hujiendesha lenyewe: ndege za mizigo haziji KIA kwa sababu shehena ni kidogo, na shehena ni kidogo kwa sababu ndege haziji.

Nani auendeshe

Katika miaka ya 1990 hali ilianza kubadilika. Utalii ulifufuka, na Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kuwa na makao Arusha hadi mwisho wa 2015, iliuletea uwanja majaji, mawakili, mashahidi na watuhumiwa. Mwaka 1998 Serikali iliukodisha uwanja kwa kampuni ya KADCO kwa mkataba wa miaka 25, hatua iliyowahusisha wawekezaji wa Uingereza na Afrika Kusini pamoja na Serikali yenyewe, na ambayo mara nyingi hutajwa kuwa ubinafsishaji wa kwanza wa uwanja wa kimataifa barani Afrika. Baadaye Serikali ilinunua hisa za wabia wake, na KADCO ikawa kampuni ya umma inayoendesha mali ya umma kwa mkataba wa kibiashara, muundo ulioibua maswali bungeni hadi usimamizi ulipohamishiwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, TAA, mwaka 2023.

Katika kipindi cha KADCO, ukarabati ulioanza mwaka 2014 kwa msaada wa Uholanzi ulipanua jengo la abiria, maegesho na njia za viungio, ambazo huunganisha maegesho na njia ya kurukia, na kuongeza uwezo kutoka abiria 500,000 hadi milioni 1.2 kwa mwaka. Ardhi ya uwanja, ambayo ni takriban kilomita za mraba 110, ilibaki sehemu kubwa bila kujengwa, na migogoro ya mipaka na vijiji vinavyoizunguka ikadumu kwa miaka mingi.

Mabadiliko hayo ya umiliki, kwa uzito wake wote, hayagusi tatizo la msingi. Mwendeshaji, awe wa umma au binafsi, anaweza kupunguza tozo, kujenga maghala ya baridi na kuharakisha ukaguzi wa mizigo, lakini hawezi kuliamuru shirika lolote lilete ndege. Kwa sababu hiyo kipimo cha haki cha mafanikio ya KIA hakipatikani katika jina la mwenye mkataba, wala katika ukubwa wa jengo la abiria, bali katika uwiano wa tani za maua na mboga za kaskazini zinazopakiwa Sanya na zile zinazoendelea kuvuka Namanga.