Chapati za Maji Zinazoumuka Bila Yai Wala Hamira

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi mjini Tabora, kama ilivyo katika miji yetu mingine, kifungua kinywa ni shughuli ya haraka. Mmoja anawahi zamu ya alfajiri stesheni, mwingine anawahi sokoni, na watoto wanatakiwa wawe shuleni mapema. Hamira inataka kusubiriwa, na mayai yanataka fedha. Aghalabu matokeo yake ni mtoto kwenda shule na chai tupu tumboni. Makala haya yanaeleza namna ya kupika chapati za maji zilizo nene na laini, bila ya yai wala hamira, kwa muda usiozidi nusu saa.

Chakula cha ngano si kigeni katika mji huu. Tabora, ambayo wasafiri wa kale waliijua kwa jina la Kazeh, ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapagazi, wengi wao wakiwa Wanyamwezi, walibeba mizigo ya kiasi cha frasila 2, yaani takriban kilo 32 kila mmoja, na posho yao ilipimwa kwa kibaba cha nafaka. Wafanyabiashara Waarabu waliokaa Unyanyembe walilima ngano na mpunga karibu na nyumba zao. Henry Morton Stanley alipofika Kwihara mwezi Juni 1871, aliandika kuwa miongoni mwa vyakula alivyoletewa na wenyeji wake ilikuwamo mikate mikubwa ya ngano.

Hata leo njia hiyo ina vitu vya kumfaa mpishi wetu. Uvinza ina chumvi, iliyouzwa katika njia ya misafara hata kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Misitu ya miombo inayouzunguka mji hutoa asali inayosifika nchini kote. Nao wafugaji huuza mtindi, na mtindi ndio ufunguo wa mapishi haya.

KINACHOUMUA UNGA

Yafaa ieleweke kwanza kuwa si yai wala hamira inayoinua chapati, bali ni hewa. Hamira hula sukari iliyomo katika unga na kutoa hewa polepole. Yai lililopigwa hunasa hewa, kisha huganda kwa moto na kuishikilia. Lakini iko njia ya tatu, nayo ni kukutanisha kitu kikali na soda ya kupikia. Ukali wa mtindi ukigusana na soda hutoka mapovu papo hapo. Mapovu hayo yakinaswa ndani ya rojo na kupata moto, chapati huumuka.

Soda inayotakiwa ni ule unga mweupe wa kupikia uuzwao madukani katika pakiti ndogo. Usitumie magadi ya kulainishia maharage, kwa sababu nguvu yake haitabiriki na ladha yake ni kali. Na kamwe usitumie soda ya kutengenezea sabuni, kwani hiyo huunguza kinywa na koo.

VIPIMO

Kwa chapati 10 hadi 12 tayarisha vitu hivi:

Unga wa ngano, vikombe 2.
Mtindi, vikombe 2.
Soda ya kupikia, kijiko 1 cha chai, kikiwa sawasawa bila kilima.
Chumvi, nusu kijiko cha chai.
Asali au sukari, kijiko 1 cha chakula.
Mafuta ya kula, vijiko 2 vya chakula, na mengine kidogo ya kupaka kikaango.

Asiye na mtindi akamue maji ya ndimu vijiko 4 vya chakula, ayajazie maziwa hadi vitimie vikombe 2, na ayaache dakika 10 yakatike. Anayetaka kupunguza gharama anaweza kuondoa nusu kikombe cha unga wa ngano na kuweka unga wa mahindi uliochekechwa vizuri. Chapati zitakuwa na chenga kidogo, lakini zitaumuka.

JINSI YA KUPIKA

Chekecha unga, soda na chumvi pamoja, ili soda isibaki na madonge. Katika bakuli jingine changanya mtindi, asali na mafuta. Bandika kikaango jikoni kipate moto, kisha mimina mtindi katika unga na ukoroge kwa mwiko mara chache tu. Vidonge vidogo vikibaki, viache. Ukikoroga sana, ngano itavutika kama mpira, mapovu yatapotea, na chapati zitakuwa ngumu. Rojo liwe zito, lianguke kutoka katika upawa badala ya kutiririka.

Acha rojo litulie dakika 5, lakini usililaze hadi kesho, kwani soda itakuwa imemaliza kazi yake. Paka kikaango mafuta kidogo. Kwa jiko la mkaa, tawanya makaa ili moto uwe wa wastani, maana moto mkali huunguza nje na kuacha ndani mbichi. Teka upawa mmoja, mimina, wala usitandaze. Juu yakitokea matundu na ukingo ukikauka, geuza mara moja tu. Usiibonyeze. Baada ya dakika moja au mbili, epua. Chapati ikiwa ya manjano na yenye ladha ya sabuni, ujue soda imezidi.

YAI LA NANI?

Huenda msomaji akauliza kama tunawashauri wazazi kuwanyima watoto mayai. La hasha! Yai ni chakula bora cha kujenga mwili. Lakini yai 1 likivunjwa katika rojo la chapati 10, kila mlaji hupata sehemu ya kumi yake. Yai hilohilo likichemshwa na kupewa mtoto anayekua, hulipata lote. Familia yenye uwezo wa kununua mayai machache tu kwa wiki itafaidika zaidi kwa kuyatoa katika unga na kuyaweka katika sahani ya mtoto. Pasipo na yai kabisa, maharage, karanga au maziwa yaandamane na chapati hizi.

Juu ya chapati mimina asali. Hata hivyo, mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali kabisa, hata iliyotiwa katika rojo, kwani huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake halijaweza kuvishinda. Kwake yeye, pika kwa sukari au bila utamu wowote.

Kazi hii si ya mama peke yake. Baba anayetoka zamu ya usiku aweza kuifanya kabla watoto hawajaamka.