Ukaguzi wa Bunduki Marekani Hausomi Faili la Daktari

Anayenunua bunduki katika duka lenye leseni nchini Marekani hujaza Fomu 4473. Miongoni mwa maswali yake, moja linahusu akili: je, mahakama au chombo kingine cha kisheria kimewahi kuamua kwamba wewe ni hatari kwa sababu ya maradhi ya akili, au kuamuru ulazwe hospitali ya akili? Baada ya hapo muuzaji hupeleka taarifa zake NICS, mfumo wa ukaguzi wa FBI ulioanza kazi Novemba 1998. Mara nyingi majibu hutoka baada ya dakika chache.

Watu wengi huamini kwamba katika dakika hizo FBI hupekua historia nzima ya matibabu ya mnunuzi. Sivyo. Katazo la kumiliki bunduki kwa sababu ya akili limo katika sheria ya shirikisho ya mwaka 1968, nayo hutazama uamuzi rasmi. Utambuzi wa daktari haumo. Aliyelazwa kwa amri anazuiwa. Vivyo hivyo mshtakiwa aliyeonekana hana akili timamu ya kusimama kizimbani. Anayemeza dawa za sonona, anayemwona mshauri nasaha, au aliyejipeleka hospitali kwa hiari yake, hazuiwi na sheria hiyo, ingawa baadhi ya majimbo, kama Illinois, yana masharti makali zaidi.

Hata uamuzi wa mahakama hauna faida kama haukufika kwenye mfumo. Mwishoni mwa mwaka 2005, hakimu wa Virginia aliona kwamba mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Virginia Tech ni hatari kwa nafsi yake, akaamuru atibiwe bila kulazwa. Wakati huo jimbo halikuripoti walioamriwa kutibiwa bila kulazwa. Kijana huyo akanunua bastola mbili, akapita ukaguzi mara zote mbili, na tarehe 16 Aprili 2007 akaua watu 32. Januari 2008 ilitiwa saini sheria ya kuyapa majimbo fedha ili yapeleke kumbukumbu hizo. Serikali kuu ilitumia ushawishi wa fedha kwa sababu Mahakama ya Juu, mwaka 1997, iliamua kwamba serikali hiyo haiwezi kuwalazimisha maofisa wa majimbo kuitekelezea kazi zake.

Tuseme kumbukumbu zote zimefika. Je, mauaji yangekoma? Jeffrey Swanson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, amekadiria kwamba hata kama maradhi makubwa ya akili yangetoweka, vitendo vya ukatili nchini humo vingepungua kwa takriban asilimia 4 tu. Dalili bora ya hatari ni mwenendo: historia ya kupiga watu, vitisho, ulevi wa kupindukia.

Palipo na uhusiano mkubwa wa bunduki na afya ya akili ni katika kujiua. Mwaka 2021, bunduki ziliua zaidi ya watu 48,000 Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua. Wengi wa wanaojiua hawajawahi kufikishwa mbele ya jaji, na wengine bunduki wanayo nyumbani tangu zamani. Ukaguzi wa dukani utawaona wapi? Njia nyingine ni ile ya Connecticut, ambayo mwaka 1999 ilipitisha sheria inayomruhusu jaji kuamuru silaha zichukuliwe kwa muda kutoka kwa mtu aliyeonyesha dalili za kujidhuru au kudhuru wengine, bila kujali kama ana ugonjwa wowote. Leo majimbo zaidi ya 20 yana sheria za aina hiyo.

Kwa Waswahili wanaoishi huko, mambo mawili ni ya kuzingatia. Chini ya sheria ya shirikisho, kutafuta tiba kwa hiari hakukuingizi kwenye orodha ya FBI, kwa hiyo hofu hiyo isikuzuie kumwona daktari. Na ndugu yako akianza kusema amechoka kuishi, usingoje mfumo wala jaji: hakikisha kwanza bunduki imetoka nyumbani, kisha mpeleke kwa wataalamu.