Triathloni kwa Mtu Mwenye Kazi na Familia

Triathloni ni mashindano ya michezo mitatu inayofuatana bila mapumziko, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, ambapo saa huanza kuhesabu mshiriki anapoingia majini na haisimami mpaka avuke mstari wa mwisho, hata pale anapobadilisha viatu na kuvaa kofia ngumu. Urefu wa mashindano hayo hutofautiana sana: mbio fupi zina mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia, mbio za kiwango cha Olimpiki, zilizoingizwa katika Michezo ya Sydney mwaka 2000, zina kilomita 1.5, 40 na 10. Na zile ndefu kabisa, zinazojulikana kwa jina la Ironman, zina kilomita 3.8, 180 na 42.2, ambazo kwa kawaida mshiriki hupewa hadi saa 17 kuzimaliza. Wengi wa washiriki duniani si wanamichezo wa kulipwa, bali ni walimu, wauguzi, wahasibu na wafanyabiashara wenye waajiri, wenzi na watoto, na kwao tatizo kubwa si nguvu za mwili bali ni saa za siku.

Mchezo wenyewe ulizaliwa baada ya saa za kazi. Mashindano ya kwanza yaliyopewa jina hilo yaliandaliwa na klabu ya riadha ya San Diego, Marekani, katika eneo la Mission Bay, jioni ya Jumatano tarehe 25 Septemba 1974, na waasisi wake, Jack Johnstone na Don Shanahan, walikuwa wanachama wa klabu waliotafuta namna ya kuchangamsha mazoezi yao ya kukimbia. Giza lilipoingia, taa za magari zilitumika kuwamulikia walioachwa nyuma. Miongoni mwa washiriki wa jioni hiyo walikuwa John Collins, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, na mkewe Judy, ambao tarehe 18 Februari 1978 walianzisha huko Hawaii mbio ndefu za Ironman, zilizokuwa na washiriki 15 tu, ambao 12 kati yao walifika mwisho. Historia hiyo inafaa kukumbukwa, kwa kuwa picha za mabingwa wanaofanya mazoezi zaidi ya saa 20 kwa wiki huwafanya watu wa kawaida waamini kwamba mchezo huu si wao.

Hata hivyo, hesabu ya saa haikwepeki. Mbio fupi huweza kuandaliwa vizuri kwa saa 4 hadi 6 za mazoezi kwa wiki, ilhali nusu ya Ironman, yenye jumla ya kilomita 113, kwa kawaida hudai saa 8 hadi 10, na mbio kamili hudai zaidi ya hapo katika miezi ya mwisho. Saa hizo hazitoki hewani: ama zinatolewa katika usingizi, ama katika kazi, ama katika muda wa nyumbani, na kila mahali zinapotolewa kuna mtu anayelipa. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza, ambao wengi huufanya peke yao na kwa haraka, yaani uchaguzi wa umbali wa mbio, kwa haki ni uamuzi wa nyumba nzima, na mwenye watoto wadogo anayechagua mbio fupi hajachagua mchezo wa daraja la chini, kwa kuwa mbio hizo zina hatua zote tatu, mabadiliko yote mawili ya kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine na uchovu wake kamili.

Mwenye muda mchache huvutwa na wazo kwamba kila dakika aliyoipata aitumie kwa nguvu zake zote, na hapo ndipo mipango mingi huharibika. Stephen Seiler, mtafiti wa fiziolojia ya mazoezi katika Chuo Kikuu cha Agder nchini Norway, alichunguza namna wanamichezo bora wa ustahimilivu, wakiwamo wapiga makasia na wakimbiaji, wanavyogawa mazoezi yao, akabaini kwamba takriban asilimia 80 ya vikao vyao hufanywa kwa juhudi ndogo na asilimia 20 tu kwa juhudi kubwa. Juhudi ndogo hapa ni ile inayomruhusu mtu kuzungumza kwa sentensi nzima bila kukatika pumzi, na kipimo hicho cha mazungumzo hakihitaji kifaa chochote. Mwendo huo wa taratibu ndio unaoongeza idadi ya mitokondria, yaani visehemu vya ndani ya seli vinavyozalisha nishati, pamoja na mishipa midogo inayofikisha damu kwenye misuli, na ndio unaoufundisha mwili kutumia mafuta badala ya kumaliza haraka akiba yake ya sukari. Anayekimbia kila siku kwa mwendo wa wastani mgumu, ambao si wa taratibu wala si wa kasi kamili, huchoka kiasi cha kushindwa kupona kabla ya kikao kinachofuata, na uchovu huo huingia naye ofisini na kurudi naye nyumbani, ambako huonekana katika ukali wa maneno kabla haujaonekana katika kasi ya miguu. Kwa mwenye saa tano kwa wiki uwiano huo hauhitaji kufuatwa kwa usahihi wa mizani, lakini vikao viwili vigumu kwa wiki vinamtosha kabisa.

Kati ya michezo hiyo mitatu, kuogelea ndiko kunakohitaji ustadi kuliko nguvu, kwa sababu maji ni mazito takriban mara 800 kuliko hewa, na mwili uliokaa vibaya, miguu ikiwa imezama na kichwa kimeinuliwa, huzuiwa na maji hata mikono ikipiga kwa bidii kiasi gani. Ndiyo maana vikao viwili au vitatu vya dakika 40 kwa wiki huzaa matunda kuliko kikao kimoja kirefu cha Jumamosi, na ndiyo maana mtu mzima anayeanza huokoa miezi mingi akipata mwalimu tangu mwanzo. Mahali pa kuogelea napo ni suala: katika Ziwa Victoria ipo hatari ya kichocho, ugonjwa unaosababishwa na minyoo wanaokulia ndani ya konokono wa maji yaliyotulia karibu na ufuko, hivyo wakazi wengi wa bara hulazimika kutumia mabwawa ya hoteli au ya shule, ambayo yana ada na saa zake za kufunguliwa.

Mkazi wa pwani ana bahari bure, ila bahari ina ratiba yake. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4 wakati wa bamvua, yaani kipindi cha maji makubwa, na kila siku maji hujaa yakiwa yamechelewa kwa takriban dakika 50 kuliko siku iliyotangulia, kiasi kwamba katika wiki moja saa ya maji kujaa hugeuka kuwa saa ya maji kupwa. Aliyejipangia kuogelea kila Jumanne saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kazi atakuta wiki hii maji yamefika ukingoni, na Jumanne ijayo atakuta mchanga mtupu, mwani na miamba yenye makali, huku maji yakiwa mbali. Mpango unaofaa pwani, kwa hiyo, si wa wiki moja bali wa wiki mbili, muda ambao ndani yake bamvua na maji mafu hupokezana na saa za maji hurudi karibu zilipoanzia. Wiki ambayo asubuhi maji yamekupwa hupewa baiskeli na kukimbia, na kuogelea huhamishiwa mchana. Wavuvi wanaijua hesabu hii bila kuangalia jedwali, na anayeanza atafanya vyema kuwauliza pia mahali penye mkondo, kisha asiingie majini peke yake.

Baiskeli ndiyo inayokula saa nyingi zaidi, na pia ndiyo inayoweza kuingizwa kwa urahisi ndani ya siku ya kazi pale ambapo njia ni salama, kwa kuwa safari ya kwenda na kurudi kazini huwa mazoezi na usafiri kwa wakati mmoja. Usalama huo haupo kila mahali, na barabara ambayo daladala na bodaboda hugombania ukingo wake si mahali pa kujifunzia kuendesha kwa kasi. Kigali hutenga Jumapili mbili kila mwezi ambapo baadhi ya barabara hufungwa kwa magari, na asubuhi hizo humfaa mzazi kwa namna ya pekee, maana watoto nao wanaweza kutoka na baiskeli zao. Kikao kimoja kisichopaswa kukosekana ni kile cha kushuka kwenye baiskeli na kukimbia hapo hapo kwa dakika 10 hadi 15, kwa sababu miguu iliyozoea kuzungusha pedali huwa mizito na hatua hupotea mwanzoni, na mwili hujifunza kuivuka hali hiyo kwa kurudia tu. Mabadiliko nayo hufanyiwa mazoezi uani bila gharama, ikiwamo kanuni ambayo wageni wengi huisahau kwa haraka, kwamba kofia ngumu ivaliwe na kufungwa kidevuni kabla baiskeli haijaondolewa mahali ilipowekwa.

Usingizi ndio wa kwanza kuibiwa. Anayeamka saa kumi alfajiri baada ya kulala saa tano usiku hajapata muda wa mazoezi bali ameukopa, kwa kuwa homoni ya ukuaji, inayosaidia kukarabati misuli, hutolewa kwa wingi katika usingizi mzito, na watu wazima wanashauriwa kulala angalau saa saba. Chakula si tatizo kubwa kama matangazo ya bidhaa yanavyodai: akiba ya wanga katika misuli na ini hutosha kwa takriban dakika 90 au zaidi kidogo za kazi ngumu, na zaidi ya hapo gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinahitajika, kiasi ambacho ndizi mbivu mbili hufikia. Katika mwezi wa Ramadhani, mfungaji hana sababu ya kujenga kiwango kipya. Vikao vifupi na vya taratibu karibu na futari, au baada ya tarawehe, vinatosha kulinda alichokwisha kukipata.

Suala la nyumbani ndilo linaloandikwa kidogo kuliko yote, ingawa lina uzito kuliko gramu za wanga. Baba anayerudi saa tatu asubuhi ya Jumamosi baada ya saa nne za baiskeli amefanya mazoezi kwa sababu kuna mtu aliyewaamsha watoto, akawapikia uji na kufua sare za shule, na mtu huyo mara nyingi ni mke, mama au dada wa kazi ambaye jina lake haliandikwi katika mpango wowote. Mama anayejiandaa kwa mbio zile zile huwa na hesabu nyingine: alfajiri yake tayari ina kazi, njia yenye giza humtisha kwa sababu za haki, na jamaa humuuliza watoto amemwachia nani, swali ambalo mumewe haulizwi. Mpango wa haki huandika saa za pande zote mbili kwenye karatasi moja, kiasi kwamba saa tatu za mmoja Jumamosi hulipwa kwa saa tatu za mwenzake Jumapili, ziwe za michezo au za kupumzika tu, na kikao hupunguzwa bila manung'uniko mtoto anapopata homa.

Agosti 2022 nusu ya Ironman ilifanyika Rubavu, Rwanda, waogeleaji wakianzia katika Ziwa Kivu, na hivyo mkazi wa Afrika Mashariki akapata mbio za kilomita 113 bila kuvuka bahari. Maandalizi ya umbali huo huchukua miezi kadhaa, na katika wiki mbili za mwisho mwanamichezo hupunguza wingi wa mazoezi hadi takriban nusu huku akibakiza vipande vifupi vya kasi, ili mwili upone bila kusahau kazi yake. Wengi huingiwa na hofu wakati huo na kutaka kufidia vikao walivyovikosa kwa sababu ya zamu za usiku au ugonjwa wa mtoto, jambo lisilowezekana, kwa kuwa mazoezi makubwa ya siku hizo hayawahi kuzaa faida kabla ya mbio na huacha uchovu tu. Saa zinazopatikana kwa kupunguza huko zina wenyewe tayari: usingizi kwanza, kisha wale walioshika nyumba kwa miezi yote hiyo.