Mchikichi wa 143

Baba mdogo alipozikwa, kijana mmoja wa ukoo alisimama akasoma wasifu wake kwa Kifaransa: alizaliwa lini, alisoma wapi, aliingia lini katika ofisi za Chuo Kikuu cha Burundi, alipandishwa vyeo vingapi, akastaafu lini. Watoto walitajwa kwa idadi. Nilikuwa pembeni pamoja na wenyeji wa Rumonge, na mwanamke mmoja akauliza kwa Kiswahili, bila kunong'ona sana, "Na michikichi je?"

Hakufundisha hata siku moja. Kazi yake chuoni ilikuwa mafaili, mihuri na nakala, na watu wa namna hiyo hawakumbukwi na wanafunzi. Anayekumbukwa ni profesa aliyewachekesha au aliyewaangusha. Nyumbani alikuwa vilevile. Jumamosi jioni alipiga rangi viatu vya watoto wote kwa mkono wake, akavipanga ukutani toka kikubwa hadi kidogo, kisha akavihesabu. Barua ya mkopo, risiti ya ada, hata mapatano na mwanawe kuhusu baiskeli, vyote viliandikwa nakala tatu. Tulimcheka sana kwa hizo nakala tatu.

Alipostaafu aliteremka Rumonge, kilomita 75 hivi kusini mwa Bujumbura kwa barabara inayopita kando ya Ziwa Tanganyika. Hakuwa wa kwanza. Watumishi wengi wa mjini wametafuta michikichi pwani hii, kwa sababu mchikichi ukishakomaa huzaa mwaka mzima, na pensheni ina tabia ya kwisha kabla ya mwezi. Yeye alikuwa amejinunulia hekta moja yenye karatasi na sahihi zote. Karatasi ya kwanza inasema shamba liko mkoa wa Bururi. Mwaka 2015 Rumonge ikafanywa mkoa, na mwaka 2025 mikoa ikapunguzwa ikabaki mitano, Rumonge ikaingia Burunga. Shamba halijasogea hata hatua moja.

Miti ilipandwa kwa kipimo cha kitaalamu: mita tisa kati ya mmoja na mwingine, kwa pembe tatu, na hekta moja hutoa miti 143. Kipimo hicho kilienea Rumonge kwa mradi wa serikali wa michikichi uliosimamiwa na shirika la SRD Rumonge. Kabla yake palikuwa na michikichi ya kienyeji, imesimama ovyo kati ya mihogo na ndizi. Mradi ulileta mbegu bora, mistari iliyonyooka na vitalu vyenye namba. Ukiupima kwa hesabu yake wenyewe, haukushindwa: miti ipo hadi leo, mashine za kukamua zinanguruma vijijini, na mawese ya Rumonge yanapikiwa maharage nchi nzima.

Lakini ardhi ile ilipatikanaje? Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua. Jibu la jeshi na serikali ya wakati ule lilikuwa mauaji makubwa ya Wahutu nchi nzima, na watu wa pwani hii wakavuka kwenda Tanzania, wengi wakaishia Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba yao yakagawiwa wengine, mengine yakaingizwa katika mradi. Katika makaratasi ya mipango kulikuwa na safu ya mbegu, ya mbolea, ya kilomita za njia. Safu ya aliyeondoka haikuwepo.

Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 uliahidi kwamba wakimbizi watarudishiwa mali zao. Mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB. Kisha Tanzania ikawapa wakimbizi wa 1972 nafasi ya kuchagua: uraia au kurudi. Zaidi ya 160,000 walichagua uraia. Waliobaki walirudi, na mmoja wao akasimama asubuhi moja kwenye mpaka wa shamba la baba mdogo, akaonyesha mwembe mkubwa ulio kando ya njia, akasema marehemu baba yake ndiye aliyeupanda.

Baba mdogo alitoa faili. Mgeni hakuwa na karatasi yoyote, alikuwa na mwembe. Nadhani hapo ndipo maisha yote ya ofisini yalipomgeukia. Kama asingekuwa mtu wa mafaili angeweza kukasirika tu, ikaisha. Yeye alijua karatasi inavyotengenezwa. Alijua muhuri unathibitisha kwamba mtu fulani alikaa mezani siku fulani, basi.

Walikaa wiki kadhaa, mbele ya Bashingantahe, wazee wasuluhishi wa kilima, wakaamua kugawana. Mapatano yaliandikwa kwa Kiswahili, maana yule aliyerudi alisoma shule Ulyankulu na Kifaransa hakijui. Kiswahili cha baba mdogo kilikuwa kile cha sokoni Bujumbura, nacho kilimpa shida. Akiandika "hii mchikichi", mwenzake anamsahihisha, "Mzee, mchikichi huu." Yeye, aliyewahi kurudisha barua za wakubwa kwa kosa la nukta, alifuta akaandika upya. Nakala tatu: moja yake, moja ya jirani, moja ya Bashingantahe.

Tatizo likawa hesabu. 143 haigawanyiki kwa mbili. Kila mmoja akapata 71, ukabaki mmoja katikati, karibu na mwembe. Mwingine angeukata ili kumaliza maneno. Wao waliupa daftari: mwezi huu mashada ni yetu, mwezi ujao ni yao.

Kugawana namna hiyo ndiko tume yenyewe ilikokupendelea katika miaka yake ya kwanza. Kuanzia 2011, chini ya Monsinyori Sérapion Bambonanire, ilielekea kurudisha shamba zima kwa aliyekimbia, na kesi nyingi zilizokuwa zimetulia zikafunguliwa tena. Pwani hii watu waliacha kusalimiana. Sitasema nani alikuwa na haki zaidi. Aliyefukuzwa 1972 ana haki, na aliyenunua kwa nia njema amezikia watoto wake hapo. Najua tu kwamba jirani hakwenda kudai nusu ya pili, na baba mdogo hakumuuliza kwa nini.

Miradi na mipango mingine pia imepita pwani hii. Wamisionari wa Afrika walifungua kituo chao hapa Rumonge mwaka 1879, mwaka 1881 wakauawa, kituo kikafa. Barabara ya ziwani nayo, upande wa Gitaza, huangukiwa na mawe na udongo kila mvua inapozidi. Sheria inataka mita 150 kati ya ziwa na nyumba, lakini Tanganyika lilipopanda miaka hii, hadi mafuriko ya 2024, maji yaliingia kwenye nyumba na mialo bila kuuliza mita. Kilichonifurahisha ni vichanja vya kukaushia ndagala, samaki wadogo wa ziwa hili. FAO ilianza kuvionyesha kando ya ziwa hili mwaka 2004: nguzo za mti, wavu wa waya, samaki juu badala ya mchangani. Mradi ulikwisha, vichanja vikaendelea kuongezeka, kwa sababu mama anayeuza ndagala zisizo na mchanga hahitaji semina ya pili.

Siku ya kuondoa matanga, mwaka mmoja baada ya mazishi, nilifungua daftari la mti wa katikati. Mwezi wa mazishi zamu ilikuwa yetu, na hakuna wa kwetu aliyekumbuka. Kwa mwandiko wa jirani palikuwa pameandikwa: "Zamu yao. Mashada mawili. Mafuta yametumika msibani." Mwezi uliofuata: "Zamu yetu. Shada moja." Akaendelea hivyo mwaka mzima, yetu na yao, bila kuruka hata mstari. Chini kabisa aliongeza kwamba mti umerefuka, mkwezi sasa anadai nyongeza. Nikatoa nusu, naye akatoa nusu.