Kabla ya Kupeleka Maumivu Yetu kwenye Mkutano wa Wasomi

Alhamisi ile ya tarehe 3 Oktoba 2024 wengi wetu tulikuwa hapa ukingoni Kituku. Wengine tulingoja ndizi na muhogo wa Minova, wengine tulichota maji, wengine tulingoja ndugu. Tangu Februari mwaka ule vita ilikuwa imekata barabara ya Sake na Minova, kwa hiyo watu na mizigo walijazana kwenye boti. Merdi ilikuwa imekaribia kabisa kufika. Ilizama mbele ya macho yetu, na makumi ya watu walikufa. Watoto wetu walikuwepo pia, na bido zao za maji mkononi.

Sisi walimu tulianza kuona mambo darasani wiki zilizofuata. Mtoto aliyekuwa akisoma vizuri anasinzia saa mbili asubuhi kwa sababu usiku halali. Mwingine anaanguka chini mlango ukigongwa kwa nguvu. Kulikuwa na kijana mmoja mdogo ambaye mama yake alilalamika kwamba amekuwa mkaidi: anatumwa ziwani, anarudi na bido tupu. Alipigwa mara mbili, mara tatu. Siku moja tulimuuliza polepole, akasema maji yanamwita. Hakuwa mkaidi. Alikuwa na kiwewe, kile ambacho wengi wetu hapa Goma tunaita troma.

Basi sisi walimu wachache na wamama wa likelemba yetu tukafungua daftari. Kila juma tuliandika tuliyoyaona na tuliyoyafanya. Watoto walichora, tukahifadhi michoro. Vita ilipoingia mjini mwisho wa Januari 2025, daftari lilijaa haraka zaidi.

Halafu, kupitia simu ya mwenzetu mmoja, likatufikia tangazo: mkutano wa kimataifa wa wasomi wa kiwewe unaalika watu watume tafiti zao. Tulifurahi sana. Tulisema, hatimaye Kituku itasikika. Leo tunataka kuwaeleza yaliyofuata, kwa sababu yametufundisha kitu kinachomhusu kila mama anayeulizwa maswali na mgeni mwenye karatasi.

Mikutano hii ina faida gani?

Tusidhani ni maneno matupu ya watu wa mbali. Ni mwaka 1980 tu ambapo madaktari wa akili wa Marekani waliandika katika kitabu chao rasmi cha magonjwa kwamba mtu aliyepitia jambo la kutisha anaweza kuugua muda mrefu baadaye. Kwa sehemu kubwa walisukumwa na hali ya askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Mwaka 1985 kikaundwa Chama cha Kimataifa cha Masomo ya Mfadhaiko wa Kiwewe, ambacho huwakutanisha watafiti kila mwaka. Huko mtu husimama na kusema: tulijaribu hivi, tukaona hivi. Wenzake humuuliza maswali magumu, na lenye kusimama hubaki.

Mfano wa karibu ni wa kwetu. Mwaka 2013 jarida kubwa la uganga la Marekani, New England Journal of Medicine, lilitoa utafiti uliofanywa hapa mashariki mwa Congo. Mtafiti wa kwanza aliyetajwa ni Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Walihusika wanawake 405 waliotendewa ukatili wa kijinsia. Katika vijiji vingine wanawake walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Katika vingine walipata kikao 1 cha peke yao na vikao 11 vya kikundi, wakijifunza kutambua mawazo yanayowafunga, kama lile la kusema "ni kosa langu". Masomo yalipangwa hivi kwamba hata asiyejua kusoma aliweza kuyafuata. Walioongoza vikundi walikuwa wasaidizi wa huku huku waliofundishwa, hawa tunaowaita APS. Miezi 6 baada ya kumaliza, waliobaki na dalili za huzuni nzito au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 kwa 100 upande wa vikundi, na 42 kwa 100 upande mwingine.

Kwa hiyo wamama waliokaa duara wakiongozwa na mtu aliyefundishwa walipona kwa namna ambayo dunia nzima iliweza kuipima. Bila kuandikwa na kuchunguzwa, nani angeamini?

Karatasi wanayoitaka

Tangazo liliomba rezime, yaani muhtasari mfupi wa ukurasa usiojaa. Ndani yake lazima useme mambo manne: kwa nini ulifanya kazi hiyo, uliifanyaje, uliona nini, na inatufundisha nini. Wasomi wengine huisoma na kuamua kama inafaa. Ikikubaliwa, unaweza kupewa dakika chache za kusema mbele ya watu, au nafasi ya kubandika bango ukutani na kulieleza kwa wanaopita.

Tuliandika usiku tatu, umeme ukikatika. Ya kwanza hatukuwa na shida nayo. Ya pili ilitusimamisha. Je, mtoto aliyeacha kusinzia aliacha kwa sababu ya michezo yetu, au kwa sababu siku zilipita? Hatukuwa tumehesabu tangu mwanzo. Tulikuwa na mifano mingi, lakini mifano si kipimo. Tuliyaandika hivyo hivyo, bila kupaka rangi.

Kisha tukafika kwenye swali dogo chini ya fomu: utafiti huu ulipewa ruhusa na komite gani ya maadili? Tulimpelekea swali mwalimu mmoja wa chuo kikuu tunayemwamini. Akajibu kwa upole kwamba ruhusa huombwa kabla ya kukusanya habari za watu. Haiombwi baada ya kumaliza. Kanuni hiyo ilitokana na mabaya waliyotendewa wagonjwa na wafungwa zamani, na mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani kiliiandika katika tamko lake la Helsinki: mtu aelezwe, akubali kwa hiari yake, na awe huru kukataa.

Tulikaa kimya. Wengi wetu tulikumbuka mgeni mmoja aliyepita zamani katika kartié, akaandika habari za wamama, akapiga picha, akaondoka. Hatukumwona tena wala hatukujua habari zile zilikwenda wapi. Tulimlaumu miaka mingi. Na sasa sisi tulikuwa na michoro ya watoto kwenye sanduku, tayari kuituma ng'ambo, bila kumuuliza mama hata mmoja.

Tuliamua nini?

Tuliwaita wamama. Tuliwaonyesha michoro, kila mmoja wa mtoto wake, tukawaomba msamaha. Mama wa yule kijana wa bido aliutazama mchoro muda mrefu. Akasema, "Mutaniwia radhi, walimu. Huu hauendi popote. Ni wa mtoto wangu." Akaukunja, akauweka ndani ya kitenge. Wengine walisema wanakubali, lakini tulirudisha yote. Kukubali mbele ya jirani zako wote, huku mwalimu wa mtoto wako akingoja jibu, si hiari kamili.

Wengine kati yetu waliumia. Walisema, tukinyamaza nani atajua ya Kituku? Swali hilo ni la haki. Jibu tuliloafikiana ni kwamba mikutano fulani hupokea pia maelezo ya kazi ya watendaji, bila kuyaita utafiti. Tuliandika upya, tukaeleza tunachofanya sisi walimu wenyewe: namna tunavyoanza asubuhi, tunavyompokea mtoto anayetetemeka, tulipokosea. Habari ya mtoto hata mmoja haimo. Rezime imekwenda, jibu bado. Na kwa mwaka ujao tunaomba mwongozo wa chuo kikuu ili tuanze upya kwa ruhusa, kwa kuhesabu tangu siku ya kwanza. Hata kisa cha kijana wa bido mnakisoma hapa kwa sababu mama yake alisoma karatasi hii kabla yenu, akakubali.

Mama, ukijiwa na mwenye kuuliza maswali

Muulize: Wewe ni nani na umetumwa na nani? Ruhusa ya komite iko wapi? Jina langu litaandikwa? Nikikataa, au nikichoka katikati, nitapoteza msaada wowote? Nikianza kulia, nani atabaki nami? Na majibu utaturudishia lini, kwa lugha tunayoielewa? Mtu mwema hatakasirika ukimuuliza haya.

Na nyumbani, tusingoje mkutano. Mtoto anayeogopa asiitwe mkaidi. Arudishiwe ratiba yake: kula, kucheza, kulala kwa saa zile zile. Asilazimishwe kusimulia, lakini akisimulia asikilizwe hadi mwisho. Kama baada ya mwezi bado halali, hali, au anasema anataka kufa, hilo la mwisho tusilingojee hata siku moja: tumpeleke kwenye kituo cha afya, tumwombe APS.

Yule kijana sasa anakwenda ziwani tena, lakini si peke yake. Mama yake hushuka naye jioni, wanasimama pale mawe yanapoanza, na ni mama anayeinama kuchota. Mtoto hushika kifuniko cha bido.